Pazia la Katikati ya Ngazi

Hadithi hii hamutaiamini, na mimi sitawalazimisha. Nimekwisha kuisimulia Bihambwe, nikaisimulia Ntoto, hata kwenye harusi moja ambako hawakunialika, na kila mara anatokea mujuaji mumoja wa kusema: Marcellin, punguza. Njo maana leo naiandika. Muntu akisema, wanamukatiza. Karatasi nani ataikatiza?

Ni habari ya Vestine, mutoto wa dada yangu, mushonaji wa nguo, aliyepanga muji muzima ndani ya nyumba moja kwa kutumia metre ya kupimia viuno. Muji wenye maji yake, masomo yake, mahali pake pa kuzalia, hata mahali pa kugombania. Nyumba yenyewe iko Mubi, kule Walikale, mpaka leo. Iko na etaji, zile ghorofa za kupandia ngazi... hapana, hesabu ya etaji nitaitaja mwishoni, sababu sasa hivi Vestine iko nyuma yangu anashona, na iko na tabia mbaya ya kusoma juu ya bega la muntu.

Kwetu Bihambwe watu walimujua kwa macho yake. Ukimusalimia, anaangalia mabega yako kwanza, kisha kiuno, kisha njo anakujibu. Alijifunza kushona kwa masista, akarudi na mashine ya mukono na metre ya manjano aliyoivaa shingoni kama wengine wanavyovaa rozari. Mimi mujomba wake nilisoma mpaka darasa la tano, na hilo la tano nililisoma mara mbili ili nilielewe vizuri, kwa hiyo nilikuwa mushauri wake wa mambo makubwa. Hakuwa ananisikiliza, lakini mushauri nilikuwa.

Siku moja sokoni alinunua mandazi, wakamufungia ndani ya karatasi ya jarida la Kifaransa. Mandazi nilikula mimi. Karatasi aliipangusa mafuta, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Walikuwa wamechora nyumba moja ya vioo, ndefu ya kuchoma mawingu, na chini yake wameandika kwamba huo njo muji wa kesho. Watu elfu kumi wangeishi ndani bila kutoka: etaji ya masomo, etaji ya wagonjwa, soko la ndani, bustani kwenye paa, na mvua inanywewa na nyumba yenyewe. Vestine aliiangalia picha ile siku nyingi, kama fundi anavyoangalia nguo iliyoshonwa na fundi mwingine.

"Tonton," akaniambia, njo vile anaita mujomba kwa Kifaransa, "hii nyumba iko muzuri, lakini batu yake habana mizigo. Angalia. Hakuna hata mumoja anabeba kitu. Na mihogo banaanika wapi?"

Nikamujibu kwamba watu wa kesho hawatakula mihogo. Akasema basi hiyo kesho si ya kwetu, akafunga kitabu.

Kisha vita ikapanda milima yetu, ile ya mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. Sitaandika sana juu yake. Walioiona hawana haja ya kusomewa, na wasioiona wabakie hivyo. Tulitoka Bihambwe asubuhi maharagi yakiwa kwenye maua, tukashika njia ya Ntoto, kisha musitu, siku tisa kwa muguu. Wengine walibeba sufuria. Vestine aliacha sufuria, akabeba kichwa cha mashine yake, na njia yote nilimusaidia kwa mashauri. Nyuma yetu alitembea Olga, mudogo wake, mwenye mimba kubwa, na mume wake hatukujua alikimbilia upande gani.

Tulipofika Mubi, miguu ya Olga ilikuwa imevimba kama mihogo ya kulowekwa. Muuguzi mumoja wa pale alimugusa, akamuambia Vestine polepole: huyu haendi tena mbele wala nyuma mpaka azae. Mushike neno hilo, sababu hadithi yote inasimama juu yake.

Sasa nyumba. Mubi kuna mufanyabiashara wa kutoka Butembo, Papa Mumbere, Mukatoliki wa misa ya kwanza. Wakati biashara ya mawe ya madini ilipokuwa inakimbia, alianza kujenga hoteli. Biashara ikasimama, hoteli ikasimama nayo. Kuta zilikuwapo, mabati yalikuwapo, ngazi ya simenti ilikuwapo, pana kama ya kanisa. Milango na madirisha yalikuwa matundu matupu, isipokuwa upande wa duka. Chini, upande wa barabara, muke wake Mama Kasoki alikuwa na duka, na nyuma ya duka depo ya chumvi na muchele. Siku ile mvua ilikuwa inapiga sana, na Mama Kasoki alikuwa anamuangalia mume wake usoni. Papa Mumbere akasema, ingieni. Tukaingia familia arobaini na moja.

Juma la kwanza lilikuwa la haya. Kila familia ililala pale ilipoangukia, na kila mama aliwasha moto pale alipolala, mpaka dari ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria. Watoto walitumia madirisha kwa mambo ambayo dirisha halikutengenezwa kwa ajili yake. Papa Mumbere alipanda na kitambaa puani, akashuka, akatangaza kwamba nyumba yake si kichaka na kwamba tutafute pengine. Olga alikuwa amekaa juu ya bidon ya kutekea maji karibu na ukuta. Alisikia.

Njo Vestine akasimama mbele ya mwenye nyumba na metre shingoni.

"Papa Mumbere, unipe siku kumi na ine. Nitakukatia hii nyumba."

"Kuikata namna gani?"

"Kama nguo. Muntu haanzii mapambo. Anaanzia mahali mukono inapita."

Yule Papa alicheka, lakini mucheko wa muntu anayehesabu. Akampa zile siku, akaweka na sheria yake. Siku ya mwisho itakuwa Jumapili, na yeye kisha misa atapanda kutoka chini mpaka kwenye paa, tena ashuke. Kama kitu kimoja kimemusimamisha njiani, harufu ao muntu ao bidon, kesho yake wote tunashika barabara.

Vestine hakulala kwenye maneno. Alichora kwa makala kwenye ukuta, na ile karatasi ya mandazi aliibandika pembeni, si ya kuifuata, ya kugombana nayo. Alipima watu, hakupima kuta. Mama mwenye mimba anapanda vipandio vingapi mbele ya kutafuta pumzi? Mutoto wa miaka sita mukono wake unafika wapi? Muzee akiwa na haraka ya choo, anahitaji muda gani? Kufuatana na majibu, chumba cha kuzalia akakiweka chini kabisa, karibu na mulango, sababu mwenye uchungu hapandi ngazi. Vyoo tulichimba nyuma ya nyumba. Maji ya mvua tuliyakamata juu, kwenye mapipa chini ya ukingo wa paa, na huko Walikale mvua haijui kuchoka. Masomo akayaweka juu, upande jua linapotokea.

Jikoni njo kulikuwa na maneno. Kwetu mama hapiki kwenye mafiga ya mama mwingine, labda kama anataka kuambiwa ni muke wa pili. Vestine hakubishana nao. Akapanga mafiga kwenye baraza ya nyuma, mistari miwili, kila mama na mawe yake matatu, chini ya bati moja lenye tundu moja la kutolea moshi. Akawaambia moto ni wa kila muntu, moshi ni wa wote. Chumba cha kugombania akakiweka karibu na vyoo, ili wagombanaji wasikae sana.

Kulikuwa na chumba kingine kidogo, Papa Mumbere alikijengea mifagio. Vestine akatundika gunia mulangoni, akasema humo anaingia muntu mumoja mumoja, na akitoka hakuna wa kumuuliza alikuwa anafanya nini. Nilimucheka. Nilisema hata wale wa muji wa kesho, wenye vioo, hawana chumba cha kukaa bure, bila kufanya kitu. Kisha siku moja niliingia mwenyewe. Sitasema zaidi.

Siku ya kumi kila kitu kilikuwa mahali pake, na Vestine akatangaza kwamba asubuhi hiyo nyumba inaanza kutembea. Wa chini wakapanda kuteka maji. Wa juu wakashuka kwenda vyooni na jikoni. Na mimi nilikuwa nashuka na bidon yangu, nimeijaza mpaka mudomoni sababu nguvu ninazo, nilipoinua macho nikaona anayepanda: Mama Mukashema, mama mukwe wangu, muzazi wa muke wangu Céline.

Kwetu, mukwe na mama mukwe hawaangaliani uso, wala hawapitani kwa kugusana nguo. Ni heshima, si chuki. Pale milimani jambo hilo halina shida: ukimuona anakuja, unaingia kwenye shamba la maharagi, unageuka unaangalia majani kama muntu anayetafuta wadudu, yeye anapita, unarudi kwenye njia. Lakini ngazi ya simenti haina maharagi. Nikageukia ukuta wa kuume. Yeye akageukia ukuta wa kushoto, akajifunika kichwa. Nani angesogea? Nikienda bila kuangalia nitamugusa. Akienda bila kuangalia atanigusa. Nyuma yangu kulikuwa na watu kumi na wawili na bidon zao, na kati yao mumoja akamuona mama mukwe wake chini, naye akageuka. Familia arobaini na moja za milima miwili yenye kuoana, munafikiri nini? Karibu kila muntu ni mukwe wa muntu. Ndani ya muda wa kukaanga karanga, ngazi nzima ilikuwa imeangalia ukuta.

Wa nyuma wakaanza kusukuma. Wengine walikuwa wanaenda vyooni, na hao hawana subira. Bidon moja ikaponyoka, sina haja ya kusema ya nani. Ikaruka kipandio kwa kipandio, ikapasuka chini, na maji yakapita chini ya mulango wa depo mpaka kwenye magunia ya chumvi.

Papa Mumbere akaja. Alikuta watu wazima wamesimama uso ukutani kama darasa lililoadhibiwa. Hakupiga kelele, na hilo njo lilitutisha. Alisema Jumapili ni Jumapili, bado siku ine, akarudi kutoa magunia yake kwenye maji.

Tulipopanda, tulimukuta Olga anafunga kifurushi chake.

"Dada, nitatembea," akasema. "Tutaenda polepole. Mimba bado inaweza kungojea."

Vestine alimusogelea. Alifungua kile kifurushi, akarudisha nguo moja moja kwenye musumari, akashuka kukaa kwenye ngazi na karatasi yake ya mandazi. Nilikaa naye, nikampa mashauri. Nilimushauri filimbi: mwenye kupanda apige mara moja, mwenye kushuka apige mara mbili. Tulijaribu. Kila muntu alipiga, kila muntu alisimama, na viziwi wawili wa chini njo peke yao waliofika kwenye maji.

"Hawa ba muji ya kesho habana ba mama mukwe," Vestine akasema, akiangalia picha. Halafu: "Tonton, tulishona nguo ya tundu moja. Kichwa na mikono vinapita pale pale."

"Sasa?"

"Sasa nauliza, kwetu maharagi ilikuwa kazi gani? Haikuwa chakula tu. Ilikuwa pazia."

Akavua metre shingoni, akapima kipandio cha ngazi kutoka ukuta mpaka ukuta. Metre mbili na sentimetre arobaini. Papa Mumbere alikuwa amejenga kwa wageni wanene. Vestine akaweka alama ya makala katikati, akashuka kipandio kimoja, akaweka nyingine, mpaka chini.

Pazia la ngazi nzima, lakini kitambaa kiko wapi? Aliwakusanya wamama akaeleza: upande wa kuume ni wa kupanda, wa kushoto ni wa kushuka, katikati ni nguo. Kila familia itoe kipande. Wakakaza vitenge vyao viunoni. Muntu aliyekimbia na kitenge kimoja, unamuomba nini? Kitenge hicho njo blanketi, njo mbeleko, njo sanda kama ikilazimu. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, sababu Mama Mukashema alikuwa mbele, na njo nikamusikia anasimama. Alifungua kifurushi, akatoa kitenge cha rangi ya ndizi mbivu. Nilikijua. Mimi njo nilimupelekea siku ya kumuposa Céline.

"Hii alinipa mukwe wangu," akasema. "Uikate, mwanangu. Ili nipite karibu naye kama inavyofaa, bila kumupa haya."

Kisha hapo nani angebaki nyuma? Ikaja mbeleko, ikaja shuka lenye kiraka, ikaja bitana ya koti la marehemu, ikaja kipande cha bashi, turubai nyeupe, ikaja bendera ya kwaya yenye neno nusu. Mimi nilikata miti ya kusimamisha, nikaifunga kwa kamba za musituni, na kama kuna muntu anasema miwili ilianguka, kwanza ilikuwa mitatu, na niliirudisha. Vestine alishona siku tatu. Mashine ile ya mukono ilipiga mpaka wenye duka jirani walifikiri tunasaga muhogo.

Jumapili, Papa Mumbere alitoka misani na koti, na viatu vya kung'aa, na nilisikia harufu ya manukato. Nafikiri alitaka kuisaidia pua yake ituhurumie, ingawa yeye atakataa. Alisimama chini ya ngazi, akaangalia lile pazia la rangi zote. Akashika upande wa kuume. Mimi nikamufuata nyuma, kama mujenzi.

Tulikuwa tumefika kwenye kona ya kwanza tuliposikia miguu ng'ambo ya nguo. Miguu mingi, na pumzi ya muntu anayeumia. Pazia likavimba upande wetu, bega la muntu likachoreka kwenye kitambaa, likapita. Nilijua ni nani. Uchungu wa Olga ulikuwa umeanza tangu asubuhi, na Mama Mukashema na Vestine walikuwa wanamushusha kwenye chumba cha chini. Kama nguo ile haingekuwapo, tungekutana uso kwa uso, mimi na mama mukwe, Olga katikati, na Papa Mumbere amesimama.

"Nani huyo?" akauliza.

"Muntu anashuka, Papa. Endelea tu."

Akaendelea. Alipita masomo, akapita vyumba vya kulala, akafika juu kwenye mapipa. Nikamutekea maji kwa kikombe, akanywa, akaangalia Mubi yote chini yake, malori na pikipiki na musitu nyuma. Kisha akashuka kwa upande wa kushoto, peke yake, vipandio vyote, na kila mara nguo ilivimba ng'ambo kwa mwenye kupanda na bidon, na hakuna aliyemugusa.

Alipokanyaga chini, mutoto alilia.

Tulingojea. Vestine akatoka ndani ya kile chumba na metre mukononi badala ya shingoni. Alikuwa amekwisha kumupima mutoto: sentimetre arobaini na tisa. Akamuangalia Papa Mumbere mabegani, kisha kiunoni, kisha akauliza kama kuna kitu kilimusimamisha.

Yule Papa alikuwa ameshika upindo wa pazia, anaufuata kwa kidole kama muntu anayenunua kitambaa. Akainama, akasema kwa sauti ya chini:

"Hii nguo, inaweza kufika mpaka ku mulango ya duka?"

Hatukuelewa. Lakini Mama Kasoki, ndani ya duka, alianza kucheka mpaka akashika mizani. Kumbe mama yake, mama mukwe wa Papa Mumbere, alikuwa amekuja kutoka Butembo tangu Pasaka, anakaa kila siku kwenye kiti karibu na mulango, na tangu Pasaka Papa Mumbere alikuwa anaingia ndani ya duka lake mwenyewe kupitia dirisha la nyuma.

Basi Vestine akamuongezea metre ine, kwa kitambaa kipya cha dukani. Tukabaki pale miezi kumi na moja, mpaka milima ilipotulia kidogo na tukarudi kupanda maharagi. Mume wa Olga alitukuta pale pale, alikuwa anauliza njia nzima nyumba ya pazia iko wapi. Mutoto aliitwa Archange, na leo iko darasa la kwanza, na ujeuri kama wangu. Papa Mumbere alipomaliza hoteli yake, alijenga ukuta mufupi katikati ya ngazi, kwenye zile alama za makala.

Siku hizi watu wanamuita Vestine kabla ya kuita fundi mujenzi. Wakitaka kujenga soko ao dispansari, yeye anakuja kwanza kuangalia mabega ya watu. Ile karatasi ya mandazi bado iko ndani ya kitabu cha nyimbo. Lakini ndani ya vile vioo amechora kwa kalamu ya risasi watu wadogo wadogo wenye bidon na kuni, na kwenye bustani ya paa ameanika mihogo.

Nasikia mulango. Nafikiri Vestine amekwenda kuteka maji. Basi niwaambie haraka ukweli wenyewe: nyumba ile ilikuwa na etaji saba, watu elfu mbili ndani, na Jumapili ile Papa Mumbere alinishika mukono mbele ya wote, machozi machoni, akasema, Marcellin, bila weye na lile pazia ulilolibuni kwa kichwa chako, muji huu wa...

"Tatu, Tonton. Etaji ziko tatu. Na ile bidon, andika ilikuwa ya nani."